Merikebu ya Motokari na Watu Wake

Tarehe 10 Februari 2022 merikebu iitwayo Felicity Ace iling'oa nanga katika bandari ya Emden, Ujerumani, ili kwenda Davisville, katika jimbo la Rhode Island, Marekani. Ilikuwa merikebu kubwa, urefu wake mita 200, iliyoundwa Japani mwaka 2005, ikipeperusha bendera ya Panama. Ndani yake mlikuwa na motokari mpya zipatazo 4,000, za jamaa ya makampuni ya Volkswagen. Baada ya siku sita za safari, ilipokuwa upande wa visiwa vya Azores, moto ulizuka katika shehena. Mabaharia 22 waliiacha. Merikebu ikawaka siku nyingi peke yake katikati ya maji. Baadaye mafundi wa uokoaji walifika, wakaifunga kamba, wakaanza kuivuta. Lakini tarehe 1 Machi, bahari ikiwa imechafuka, ililala ubavu ikazama, mahali ambapo kina chake ni mita 3,000 hivi.

Habari yenyewe ndiyo hiyo. Lakini sisi tuliosoma magazeti ya siku zile tulifundishwa mambo mengi zaidi. Tuliambiwa ya kuwa Porsche zilikuwa kama 1,100. Tuliambiwa ya kuwa Bentley zilikuwa 189. Si 188, wala si 190. Tuliambiwa habari za Audi, na za Lamborghini, na rangi za baadhi yake, na bei. Wenye kukadiria hasara walitaja dola zaidi ya milioni 400 kwa motokari tu. Mtu mmoja wa Marekani aliyekuwa akingoja Porsche yake alipata sifa ya siku chache kwa kusema kwamba gari lake linaelea mahali fulani baharini, tena linawaka moto. Na wale mabaharia? Walipewa sentensi moja: wote wameokolewa, hakuna aliyejeruhiwa. Sentensi hiyo ilikuwa njema kuliko nyingine zote za ukurasa ule, lakini iliandikwa kwa haraka, kama mtu anayefunga mlango nyuma yake.

Hatusemi hayo kwa kuwaonea wivu wenye Porsche. Mtu aliyelipa fedha yake ana haki ya kuuliza mali yake iko wapi. Tunashangaa tu kuona jinsi hesabu ya vitu inavyokuwa kamili, na hesabu ya watu inavyopita upesi. Maana kuokoka kwa wale 22 kulikuwa habari kubwa. Walikuwa mbali na nchi kavu, mwezi wa Februari, katika bahari ya Atlantiki. Nahodha alipotoa mwito wa msaada, merikebu ya mafuta iliyokuwa ikipita, jina lake Resilient Warrior, iligeuza njia, ikawachukua 11 kati yao. Helikopta ya jeshi la anga la Ureno iliwapeleka katika kisiwa cha Faial. Katika sheria ya bahari, nahodha asikiaye mwito wa namna hiyo hana ruhusa ya kusema, «Ninachelewa, wateja wangu wananingoja.» Sharti aende, kama inawezekana bila kuhatarisha watu wake mwenyewe. Desturi hiyo ni ya kale kuliko sheria iliyoandikwa, nasi twaona kwamba ni mojawapo ya mambo mazuri ambayo biashara ya dunia ingali nayo.

Inafaa sasa tueleze merikebu ya namna hii ni chombo gani, maana wasomaji wetu wengi hawajaiona. Msifikiri merikebu ya zamani yenye mashimo ya shehena na winchi za kuinulia mizigo. Hii ni kama nyumba ya ghorofa kumi na zaidi isiyo na madirisha, iliyowekwa juu ya maji. Nyuma ina mlango mkubwa unaoteremka kama daraja. Madereva huingia kwa mfululizo, wakipanda kutoka ghorofa hata ghorofa, wakizipanga motokari karibu karibu hata baina ya moja na nyingine unaweza kupenyeza mkono, lakini tumbo la mtu mnene halipiti. Kisha kila motokari hufungwa kwa mikanda kwenye sakafu, isije ikateleza wakati wa mawimbi. Kazi hiyo hufanyika kwa saa chache, na merikebu moja huweza kubeba motokari elfu nne, elfu sita, hata zaidi. Kwa ajili hiyo ghorofa zake huachwa wazi toka mwanzo hata mwisho, bila kuta za kuzigawanya, kama kanisa lisilo na nguzo.

Uzuri wake kwa mwenye biashara ndio ubaya wake siku ya hatari. Moto ukiwaka katikati ya ghorofa iliyojaa, mzimamoto hawezi kupita baina ya motokari zile akiwa na mavazi yake mazito na mpira wa maji. Njia iliyowekwa ni kufunga milango yote na kujaza mle hewa ya kaboni ili moto ukose pumzi. Kama imefanywa mapema, huenda ikafaulu. Ikichelewa, chuma huwa chekundu na rangi ya ukuta huanza kuwaka upande wa pili. Na kumwaga maji mengi nako kuna hatari yake, tutaieleza mbele kidogo.

Katika Felicity Ace baadhi ya motokari zilikuwa za umeme, na mkuu wa bandari ya Horta, katika kisiwa kile cha Faial, alisema siku zile kwamba betri zake ndizo zilizokuwa zikiutunza moto. Watu wengi waliposikia neno «betri» walitoa hukumu papo hapo. Sisi tunasihi kungoja kidogo. Mwezi wa Julai 2023 merikebu nyingine, Fremantle Highway, ilishika moto karibu na kisiwa cha Ameland, Uholanzi. Ilikuwa na motokari 3,784, na karibu 500 kati yake za umeme. Ilipokwisha kuvutwa hata bandari ya Eemshaven, mafundi waliteremka ghorofa za chini, wakakuta motokari kama elfu moja zingali nzima, na za umeme zimo. Merikebu ilipona. Lakini baharia mmoja Mhindi alikufa, na wenzake saba waliruka majini kutoka juu kabisa, kama mtu anayeruka toka paa la nyumba ya ghorofa nyingi, kwa kuwa moto haukuwaachia njia nyingine.

Na tukitaja betri, tutaje na nchi yetu. Betri nyingi za motokari za umeme zina kobalti ndani yake, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, hasa Kolwezi na kandokando yake. Kwa hiyo yawezekana sana kwamba katika kina kile cha Azores kimelala kitu ambacho mikono ya Kikongo ilikitoa katika udongo wa Katanga. Hatujasoma gazeti lolote lililokihesabu.

Sisi wenyewe si watu wa bahari. Kwetu ni Bukavu, na maji tunayoyaona asubuhi ni ya ziwa Kivu. Hata hivyo merikebu hizo zimeingia katika maisha ya nyumba zetu. Motokari nyingi zinazopanda milima yetu zilipakiwa Japani, zikiwa zimekwisha tumika huko, zikashushwa Dar es Salaam au Mombasa, kisha zikaja kwa barabara, usukani wake ungali upande wa kuume ijapokuwa sisi twapita kuume. Miaka michache iliyopita jirani yetu, mwalimu, alinunua moja kwa akiba ya miaka tisa. Alikuwa na karatasi yenye namba ya chasi, ndefu, herufi na tarakimu zimechanganyika, naye aliikariri kama mtoto anavyokariri majina ya babu zake. Kila jioni alipita kwetu kutuambia merikebu imefika wapi, kwa maana mwanawe alimwonyesha katika simu. Mara ikawa imepita Singapore. Mara ikawa katikati ya bahari ya Hindi. Kisha siku tatu haikuonekana kusogea, na mwalimu akaja akiwa na uso wa mtu aliyefiwa.

Tulimtuliza kwa maneno ya kawaida: dhoruba hupita, merikebu kubwa haizami ovyo. Nyanya yetu alikuwa ameketi karibu na jiko akichambua maharagwe. Alisikiliza yote, kisha akauliza:

— Baba Furaha, na wale walio ndani yake ni watu wangapi?

— Mama, sijui. Hawaandiki.

— Lakini gari lako wameliandika.

— Gari, ndiyo. Na namba yake ninayo hapa.

Nyanya hakusema zaidi. Akarudi kwenye maharagwe yake. Motokari ilifika, na mpaka leo hupita mbele ya nyumba yetu kila asubuhi imejaa watoto wa shule. Swali ndilo lililobaki nasi, hata tukaanza kulitafutia jibu. Jibu ni hili: merikebu yenye kubeba motokari elfu nne au tano huendeshwa na watu ishirini na kitu. Katika Felicity Ace walikuwa 22. Katika Morning Midas, iliyoshika moto tarehe 3 Juni 2025 kusini ya visiwa vya Aleuti huko Alaska, ikazama tarehe 23 mwezi ule ule pamoja na motokari kama 3,000 zilizokuwa zikitoka China kwenda Meksiko, walikuwa 22 vilevile. Nao waliteremka katika mashua ya kuokolea, wakachukuliwa wote na merikebu ya biashara iliyofika. Ni watu wachache, hata wangeweza kuketi katika chumba kimoja cha shule na madawati yangebaki. Mtu mmoja kwa kila motokari mia mbili, kwa wastani.

Kwetu ziwani hesabu ni ya namna nyingine, nayo inauma zaidi. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua Merdi, iliyotoka Minova, ilipinduka karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, watu wakiwa ufukoni wakiitazama. Makumi ya watu walikufa. Na waliokuwamo walikuwa wangapi? Kila aliyeulizwa alitaja hesabu yake.

Turudi kwa merikebu za motokari, kwa maana kuna moja ambayo ndani yake watu walihesabiwa vizuri, mmoja mmoja. Usiku wa tarehe 8 Septemba 2019 Golden Ray ilitoka bandari ya Brunswick, katika jimbo la Georgia, Marekani, na motokari zaidi ya 4,100. Ilipogeuka katika mlango wa bahari ililala ubavu, haikuinuka tena. Uchunguzi wa serikali ulionyesha baadaye ya kuwa hesabu ya maji ya uzito iliingizwa kwa makosa katika mashine ya kukokotoa. Merikebu hizo hubeba maji katika matangi ya chini ili miguu yao iwe mizito. Kama maji ni machache na motokari ni nyingi juu, inakuwa kama yale malori yetu ya Walikale yaliyopakiwa magunia, na juu ya magunia mbuzi, na juu ya mbuzi abiria. Hutembea vizuri mpaka kona.

Waliokuwamo walikuwa 24 pamoja na rubani wa bandari. Kabla ya jua kuwa juu, 20 walikuwa wamekwisha kutolewa. Wanne hawakuonekana. Walikuwa mafundi wa mashine, Wakorea ya Kusini, nao walifungika chini kabisa, gizani, katika joto kali, huku moshi na moto vikiwazuia waokoaji kuingia. Siku ya pili waokoaji walitembea juu ya ubavu wa merikebu, ambao sasa ulikuwa kama uwanja, wakagonga bamba. Kutoka ndani kukaja kugongwa. Basi wakatoboa tundu dogo, wakapitisha maji na chakula. Wakalipanua tundu kidogo kidogo, wakiogopa cheche. Watatu walitoka. Wa nne alikuwa katika chumba kingine, nyuma ya kioo kigumu, naye hakuachwa. Jioni ile akatoka kwa miguu yake. Wakati huo hapakuwa na mtu aliyeuliza motokari ni za kampuni gani. Merikebu yenyewe ilikatwa vipande vinane kwa mnyororo mkubwa, kazi iliyoendelea hata Oktoba 2021.

Si kila mahali mambo yalikwenda hivyo. Tarehe 5 Desemba 2012, jioni, merikebu Baltic Ace ilikuwa ikitoka Zeebrugge, Ubelgiji, kwenda Kotka, Finland, imechukua motokari 1,417 za Mitsubishi. Katika bahari ya Kaskazini, mbele ya pwani ya Uholanzi, iligongana na merikebu ya makontena iitwayo Corvus J. Corvus J ilipata jeraha puani, ikabaki juu ya maji, ikasaidia kuwatafuta watu wa mwenzake. Baltic Ace ilizama kwa dakika 15 hivi.

Mama wa nyumba ataelewa sababu upesi kuliko mhandisi. Abebaye beseni la maji kichwani huweka majani juu yake. Kwa nini? Kwa sababu maji yaliyo huru katika chombo kipana hayakai: ukiinama kidogo kuume yote hukimbilia kuume, na uzito wake hukuinamisha zaidi, mpaka yakumwagikie. Majani huyatuliza. Katika merikebu nyingine kazi ya majani hufanywa na kuta zinazoigawanya vyumba vyumba. Katika merikebu ya motokari ghorofa haina kuta, kama tulivyosema. Maji yakiingia kwa ukurasa wa kidole tu, yakitandaa juu ya sakafu yote, huanza kukimbia upande mmoja. Na ndiyo sababu hata maji ya kuzima moto yanaweza kuizamisha merikebu ambayo moto haukuiua.

Dakika 15. Tumejaribu kuzipima nyumbani, saa ikiwa mezani: ni muda wa kuchemsha chai na kuinywa. Katika muda huo watu 24 walipaswa kutambua kwamba kugongwa kule ni kwa kifo, kuvaa mavazi ya kuokolea, kupanda ngazi zilizokuwa zimelala, na kuruka gizani katika maji ya Desemba. Walikuwa Wapolandi, Wafilipino, Wabulgaria, na wengine wa Ukraina. Helikopta na mashua zilitoka Uholanzi na Ubelgiji, na 13 waliopolewa wangali hai. Watafutaji walisimama siku iliyofuata, kwa kuwa katika maji ya baridi ile hapana tena mtu awezaye kungojewa. Wengine walikuwa hawajaonekana. Waliokufa walikuwa 11 kwa jumla. Mitsubishi zile zilitolewa miaka iliyofuata, pamoja na vipande vya merikebu, kwa kuwa zilikuwa katika njia kuu ya kuingia Rotterdam, na zikauzwa kama chuma chakavu.

Tumewahi kuwauliza watu wenye kupenda motokari, tena wenye kujua mambo mengi, kama wamesikia jina la Baltic Ace. Hakuna aliyelisikia. Jina la Felicity Ace wote walilijua. Lamborghini 15 za aina iliyokuwa imekwisha kukoma kutengenezwa zilizama pamoja nayo, na kiwanda kikaanza tena kazi ile ili kuwaundia upya wenyewe waliozilipia.

Na iko Cougar Ace, ambayo haikuzama. Mwezi wa Julai 2006, kusini ya visiwa vile vile vya Aleuti, ililala ubavu walipokuwa wakibadilisha maji ya uzito, ikabaki imeinama kama digrii 60, sakafu zake zikawa kuta. Mabaharia 23 walichukuliwa na helikopta. Kisha wakaja waokoaji wa mali, watu wachache, wakaingia ndani kwa kamba kama wapanda milima, ili kupima maji na kuhesabu jinsi ya kuisimamisha. Mmoja wao, mhandisi aliyejua hesabu hizo, aliteleza katika sitaha iliyosimama wima, akaanguka hata akafa. Wenzake waliendelea. Merikebu ilisimama tena, ikavutwa bandarini, na Mazda zaidi ya 4,700 zikateremshwa, nyingi hazina hata mkwaruzo. Kampuni ilizitazama, ikaogopa kwamba kulala kwa majuma kadhaa kwa pembe ile kumeharibu kitu kisichoonekana, ikaamua isiuze hata moja. Mwaka 2008, huko Portland katika jimbo la Oregon, wafanyakazi walizipitia zote kwa zamu: wakalipua mifuko ya hewa ya usalama, wakatoa mafuta, wakatoboa matairi, kisha wakazitia katika mashine ya kusaga chuma, moja baada ya nyingine, mpaka zikaisha.